Kutoka mchoro hadi nota: uanze na Mussorgsky, Rachmaninoff, Respighi au Feldman?

Mwalimu wa kwaya wa Moshi anayeandaa jioni ya picha na muziki, mwanafunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Makumira anayetakiwa kutunga kutokana na mchoro, na mwenye duka la sanaa Arusha anayetaka wageni wakae saa nzima mbele ya ukuta wake, wote wana swali moja: waanzie kwa nani? Watunzi wa muziki wa kilasiki waliochota kwenye picha ni wengi, na kila mmoja alichota kivyake. Ukichukua kazi isiyoendana na watu na vyombo ulivyo navyo, mazoezi yataisha na onyesho halitakuwa tayari.

Msimamo wetu ni huu. Mwenye piano au bendi ya matarumbeta aanze na Mussorgsky. Mwenye kwaya, na tarehe yake iko Desemba, aende kwa Respighi. Rachmaninoff asikilizwe kwenye spika nzuri, lakini msijaribu kumpiga wenyewe. Feldman asubiri mpaka kwaya iweze kushika sauti bila kinanda na bila kushuka. Anayetaka kutunga cha kwake ajifunze kwa Dutilleux, kwenye kazi yake iliyotokana na mchoro wa Van Gogh, hata kama hatapata kamwe okestra ya kuipiga kazi ile.

Tumepima kwa kigezo kimoja. Picha imesimama, muziki unakwenda. Mtunzi anayetazama picha hana budi kupata mwendo kutoka kwenye kitu kisichotembea, na mahali alipoupata ndipo kazi hizi zinapoachana. Mussorgsky aliupata kwenye miguu ya mtazamaji. Rachmaninoff aliupata kwenye makasia ya mashua iliyochorwa. Respighi aliupata kwenye nyimbo zinazoafiki wale waliomo kwenye picha. Feldman hakuutafuta sana; aliuacha muziki ukae karibu na ukuta.

| Kazi | Picha | Dakika (takribani) | Inahitaji | Kwa hapa kwetu |
|---|---|---|---|---|
| Mussorgsky, Picha za Maonyesho (1874) | Viktor Hartmann | 35 | piano moja. Au okestra, kwa mpangilio wa Ravel (1922) | inawezekana kwa vipande |
| Rachmaninoff, Kisiwa cha Wafu (1909) | Arnold Böcklin | 20 | okestra kubwa | kusikiliza tu |
| Respighi, Trittico botticelliano (1927) | Botticelli | 20 | okestra ndogo | kipande cha kati, pamoja na kwaya |
| Hindemith, simfonia Mathis der Maler (1934) | madhabahu ya Isenheim | 27 | okestra kamili | kusikiliza |
| Feldman, Rothko Chapel (1971) | Mark Rothko | 25 | kwaya, viola, selesta (kinanda kidogo chenye mlio wa kengele), ngoma na vyombo vya kugonga | kwaya iliyokomaa tu |

Mussorgsky: mwendo wa mtazamaji

Hartmann alikuwa msanifu majengo na mchoraji, rafiki wa Mussorgsky, akafariki 1873 akiwa na miaka 39. Mwaka uliofuata mhakiki wa sanaa Vladimir Stasov alisaidia kuandaa maonyesho ya kazi zake huko St Petersburg, zaidi ya 400. Mussorgsky akaandika vipande kumi vya piano mwezi Juni 1874, na kati yake akaweka mara kadhaa kipande kinachoitwa Promenade, yaani matembezi. Huyo ni mtazamaji anayetoka picha moja kwenda nyingine.

Promenade tuiangalie kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoifanya kazi hii iwafae watu wa hapa kuliko nyingine zote. Ukiweka Do = B♭, vipimo viwili vya kwanza kwa solfa ni hivi (alama ya mkato chini ni oktava ya chini):

l, s, d r s m | r s m d r l, s,

Kipimo cha kwanza kina mapigo matano, cha pili sita. Katika kipimo cha kwanza "r s" ni nusu pigo kila moja. Katika cha pili ni "r s" ya mwanzo. Nota nyingine zote ni pigo zima. Hesabu mwenyewe: 1+1+1+½+½+1, kisha ½+½+1+1+1+1+1. Ona pia kwamba hakuna fa wala ti. Ni sauti tano tu, na mwanakwaya anayesoma solfa anaweza kuushika mstari huu katika zoezi moja. Vipimo viwili vya kwanza ni sauti moja peke yake, kisha vipimo viwili vinavyofuata vinajibu kwa sauti nyingi. Ni mwimbishaji na waitikiaji, mpango ambao hakuna kwaya ya Kilimanjaro inayohitaji kufundishwa.

Mapigo yasiyo sawa ndiyo yanayoleta hisia ya kutembea. Mtu anayeangalia picha hatembei kama askari: anasita, anaongeza hatua, anarudi kidogo. Kosa tunalolisikia zaidi ni wapigaji kuongeza pumziko dogo mwisho wa kipimo cha kwanza ili kiwe na mapigo sita kama cha pili. Likitokea hilo, matembezi yanageuka maandamano. Dawa yake ni kuimba mstari huku mnatembea kweli chumbani, hatua moja kwa pigo moja, bila kusimama mpaka hatua ya kumi na moja.

Kwa bendi ya matarumbeta, bahati iliyoje: ufunguo wa B♭ ndio nyumbani kwao. Mpigaji wa tarumbeta ya B♭ anayesoma nota zilizohamishwa anaisoma Promenade kwenye C, bila shapu wala flati, na nota ya juu kabisa katika vipimo hivyo viwili ni G inayokaa juu ya mstari wa tano. Kama bendi yenu inasoma sauti halisi, msihamishe kitu. Ravel mwenyewe, alipoipangia okestra mwaka 1922 kwa ombi la mwongozaji wa okestra Serge Koussevitzky, alimpa tarumbeta mstari huo wa kwanza peke yake. Mpulizaji wa kwanza awe mtu mwenye pumzi ya kutosha na asiyetetereka, maana hana wa kumfichia makosa.

Vipande vya ndani vinatofautiana sana kwa ugumu. "Kasri la Kale" ni polepole, na chini yake kuna nota moja, G♯, inayorudi toka mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wa kati anaiweza, ila asiponyamazisha mkono wa kushoto wimbo wa juu unazama. "Vifaranga Ndani ya Maganda" ni fupi na inachekesha watoto, lakini ni ya haraka na inataka vidole vyepesi. "Soko la Limoges" na "Baba Yaga" (mchawi wa hadithi za Kirusi) waachieni wapiga piano waliosomea. "Lango Kuu la Kiev" ni nzito lakini si ya haraka, na ndani yake kuna wimbo wa kanisa la Kiorthodoksi ulioandikwa kwa sauti nne, na mtunzi ameagiza upigwe bila kuutia hisia. Hapo kwaya inaweza kuingia kwa "u" au "a" bila maneno, na matarumbeta wakarudi na lango lenyewe. Lango hilo halikujengwa kamwe. Hartmann alilichora kwa ajili ya mashindano, na tunaloliona leo ni karatasi tu.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujachapa nota. La kwanza ni toleo. Kazi ilichapishwa 1886, baada ya Mussorgsky kufariki, ikiwa imepitiwa na mtunzi mwenzake, Rimsky-Korsakov. Namna rahisi ya kulitambua toleo hilo ni kufungua "Bydło", kipande cha mkokoteni wa ng'ombe. Kikianza kwa sauti ndogo na kukua polepole, una toleo la Rimsky-Korsakov, na Ravel alilifuata hilo. Kikianza kwa nguvu zote, mkokoteni tayari uko mbele ya pua yako, una maandishi ya Mussorgsky mwenyewe. Tunapendelea hilo la Mussorgsky kwa piano, kwa kuwa mshtuko wake ni wa kweli na mkokoteni kutokomea mwishoni kunatosha kutupa umbali. La Rimsky-Korsakov linawafaa wenye tuba, maana mpulizaji anapata nafasi ya kupanda taratibu.

La pili ni picha zenyewe. Nyingi zimepotea. Zilizobaki na kutambuliwa ni chache: mavazi ya vifaranga, Wayahudi wawili (picha mbili), makaburi ya chini ya Paris, saa yenye umbo la kibanda cha Baba Yaga, na lango. Kwa "Gnomus", "Kasri la Kale", "Tuileries", "Bydło" na "Limoges" usihangaike mtandaoni. Utakachokipata ni picha ya mtu mwingine iliyobandikwa jina hilo. Kwenye onyesho weka ukuta mtupu au skrini nyeusi kwa vipande hivyo, na waambie watu sababu. Au fanya jambo lililo bora zaidi: wape wachoraji wa Arusha kipande kimoja kimoja kila mmoja, wasikilize, wachore, na picha zao zijaze nafasi zilizobaki.

Rachmaninoff: mwendo ulio ndani ya picha

Böcklin alichora "Kisiwa cha Wafu" matoleo matano kati ya 1880 na 1886: mashua ndogo, mpiga kasia, mtu aliyesimama amevaa nyeupe, jeneza, na kisiwa chenye miamba na miti mirefu myeusi. Rachmaninoff aliona nakala yake Paris mwaka 1907, nayo ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Muziki wake ulikamilika 1909. Baadaye, alipoiona picha yenye rangi, alisema haikumgusa sana, na kwamba huenda asingetunga kama angeanza na hiyo.

Humo mna kipimo kizuri kwa yeyote anayechagua picha ya kutungia. Ipige picha kwa simu, kisha uigeuze nyeusi na nyeupe. Kama umbo linabaki na nguvu yake, picha hiyo inaweza kukupa mwendo na uzito, na njia ya Rachmaninoff inakufaa. Kama inakufa, nguvu yake yote ilikuwa kwenye rangi, na utahitaji vyombo vya milio tofauti ili kuibeba; kwaya peke yake haitatosha.

Kazi inaanza chini kabisa, kwenye chelo, besi na kinubi, kwa mapigo matano ya nane katika kila kipimo. Matano hayo yanagawanyika mbili na tatu, kisha mara nyingine tatu na mbili. Kasia linaingia majini, linavutwa, linatoka, na kila mvuto haulingani kabisa na uliopita. Juu yake, mbele zaidi, unasikika ule wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu, Dies irae, umevunjwavunjwa vipande.

Kwa nini tunasema asipigwe? Okestra yake inataka pembe sita na jeshi la nyuzi, na ukiipunguza iwe kinanda kimoja, kinachopotea ndicho ulichokuja kukitafuta: ule uzito wa chini unaotikisa kifua. Chagua spika zenye besi ya kweli. Spika ndogo ya Bluetooth haitoi sauti za chini za dakika za mwanzo, wasikilizaji watadhani muziki haujaanza, na minong'ono itaanza badala yake.

Mapigo matano yenyewe, hata hivyo, yaibeni. Yafundisheni kwa makofi: moja-mbili, moja-mbili-tatu, kisha geuza. Mwili wa mwanakwaya aliyezoea sita kwa nane utamvuta aongeze pigo la sita. Mwongozaji apige mikono miwili isiyolingana, mfupi na mrefu, asihesabu tano zote hewani, kwa sababu mikono mitano katika mwendo huo inawachanganya waimbaji kuliko inavyowasaidia.

Respighi: mwendo wa wimbo unaojulikana

Trittico botticelliano ina sehemu tatu kwa picha tatu za Botticelli zilizoko Uffizi, Florence: Machipuko, Mamajusi Wanamsujudia Mtoto, na Kuzaliwa kwa Venus. Vyombo ni vichache: filimbi, obo, klarineti, basuni, pembe na tarumbeta, kimoja kimoja, pamoja na nyuzi, kinubi, piano, selesta na vyombo vya kugonga.

Kwa Moshi na Arusha tunaisifu sehemu ya kati. Basuni inaanza peke yake kama msafiri, obo inaingia, na muda si mrefu unatokea wimbo wa Majilio "Veni, veni Emmanuel", ambao Wakatoliki na Walutheri wengi wanaujua kwa maneno yao. Respighi hakutafuta sauti ya rangi ya dhahabu iliyomo kwenye picha. Alijiuliza watu wale waliopiga magoti wangeimba nini. Kwa msikilizaji asiyezoea okestra, huo ndio mlango rahisi kuliko yote katika orodha hii, maana ana kitu cha kukishika.

Ipangeni hivi. Kwaya iimbe kwanza wimbo wa Majilio, beti mbili, sauti moja bila kinanda. Picha ionyeshwe kwa dakika mbili kimya. Kisha sehemu ya Mamajusi ichezwe kutoka kwenye rekodi. Ni dakika tisa hivi. Mkiwa na mpiga klarineti au obo, mstari wa basuni unaweza kupigwa hai na kinanda kikashika nyuzi, lakini msijaribu zaidi ya kurasa za mwanzo. Tarehe bora ni wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, watu wa Kilimanjaro wanapokuwa wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingine na makanisa yamejaa. Kosa la kuepuka ni kuonyesha picha zote tatu mfululizo usiku mmoja. Venus yuko uchi, na mbele ya watu wa kanisani mjadala wa baada ya onyesho utamhusu yeye tu.

Walio na waimbaji wa kike na kinanda pekee wana njia nyingine, ya Liszt. Alitunga "Sposalizio" kwa piano kutokana na picha ya Raphael ya mwaka 1504 ya Maria akiposwa na Yosefu, iliyoko Milan. Inaanza kwa mstari mtupu kama kengele ya mbali, na inachukua dakika nane hivi. Miaka mingi baadaye aliitengenezea toleo la kinanda cha kanisa na sauti za wanawake kwa maneno ya Ave Maria. Toleo hilo ni jepesi kuliko la piano kwa mbali, na kwa ndoa ya kanisani ni chaguo ambalo wengi hawalijui.

Hindemith, Feldman, na onyo kuhusu Debussy

Hindemith alichukua madhabahu ya Isenheim ya Matthias Grünewald, iliyoko Colmar, Ufaransa, akatoa sehemu tatu: malaika wakipiga muziki, Kristo kuwekwa kaburini, na Mtakatifu Antoni akijaribiwa. Simfonia ilipigwa Berlin Machi 1934. Opera yenye jina hilohilo ilibidi ikatolewe Zürich mwaka 1938, kwa kuwa utawala wa Wanazi haukuitaka. Isikilizwe na wapulizaji wa matarumbeta hasa: trombone za mwanzo zinabeba wimbo wa zamani wa Kijerumani wa malaika watatu, na mwisho unafunga kwa Aleluya ya vyombo vya shaba. Kwa ukumbi wenye picha ya madhabahu yenye milango inayofunguka, hakuna kazi inayoielezea vizuri kuliko hii.

Rothko Chapel ni kinyume cha yote yaliyotangulia. Kanisa hilo la Houston, Marekani, lilifunguliwa 1971 likiwa na michoro 14 ya Rothko iliyo karibu nyeusi, na muziki wa Feldman ulipigwa humo mwaka 1972. Kwaya haina maneno, inaimba kwa sauti ndogo sana, nota ndefu zilizobanana. Kwaya nyingi zetu zina nguvu na pumzi. Zinachokosa ni uzoefu wa kuimba pole bila kushuka sauti. Pima hivi: imbeni chodi moja ya sauti nne kwa "m", dakika mbili, mkipokezana pumzi, kisha mgonge kinanda. Mkiwa mmeshuka nusu toni, ahirisheni Feldman. Mkiwa palepale, anzeni kufikiri.

Debussy anatajwa kila mara, na hapa pana kukosea kwingi. La mer (Bahari) ya 1905 ilichapishwa ikiwa na wimbi la mchoraji Mjapani Hokusai kwenye jalada, kwa matakwa ya Debussy. Hilo halimaanishi kwamba muziki unafuata picha ile. Sehemu tatu zinaenda kutoka alfajiri hadi adhuhuri, michezo ya mawimbi, na mazungumzo ya upepo na bahari. Hakuna mashua wala mlima Fuji. Ukiweka picha ya Hokusai ukutani kwa dakika 24 zote, watu watangoja wimbi livunjike na halitavunjika pale wanapolitarajia. Iweke dakika moja mwanzoni, kisha uiondoe.

Ukitaka kutunga mwenyewe

Hapa Henri Dutilleux ndiye mwalimu. Kwenye kazi yake ya 1978 iliyotokana na "Usiku wa Nyota" wa Van Gogh (1889) aliondoa fidla na viola zote kwenye okestra. Akabakiza chelo kumi na mbili na besi chini, na vyombo vya kupuliza juu. Katikati pakabaki tupu. Nafasi hiyo ndiyo anga kati ya kijiji na nyota. Hakuiga nyota hata moja. Alijiuliza picha imekosa nini, akakiondoa hicho kwenye vyombo.

Somo hilo halihitaji okestra. Mwenye kwaya anaweza kuondoa alto na tena (sauti ya juu ya wanaume) kwa ubeti mzima, akaacha besi na soprano, na msikilizaji ataona umbali bila kuambiwa. Picha ya Kilimanjaro juu ya mawingu, ile inayouzwa kila kona ya Moshi, inastahili hilo: kilele juu, tambarare chini, na katikati ukungu.

Kwa picha ya Tingatinga mambo ni tofauti. Rangi ya mafuta kwenye hadibodi, usuli wa rangi moja au mbili, mnyama mmoja mwenye mstari mkali, na madoa yanayojirudia. Hakuna kina cha mbali na karibu. Kwa hiyo usitunge muziki unaokua polepole kutoka mbali, huo ni wa picha nyingine. Tunga mdundo wa vipimo viwili usiobadilika (ndio usuli), wimbo mmoja ulio wazi (ndiye mnyama), na nota fupifupi za kinanda zinazojaza (ndiyo madoa). Viingie vyote kwa ukubwa uleule na vitoke kwa ukubwa uleule.

Kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, watu waliopandana kutoka gogo moja, kinadai sauti zinazoingia moja juu ya nyingine: besi inaanza, tena inaingia na wimbo uleule kabla besi haijamaliza, kisha alto, kisha soprano. Mpingo wa kinyago hicho ndio mbao inayotengenezea klarineti na obo ulimwenguni, na Moshi ilikuwa na Sebastian Chuwa, aliyeotesha na kupanda miche ya mti huo kwa miaka mingi. Ukipata mpiga klarineti, muweke kando ya kinyago.

Utaratibu wa kazi uwe huu. Itazame picha dakika kumi bila ala yoyote. Andika jicho linaanzia wapi, linakwenda wapi, linakwama wapi. Chagua jambo moja tu: mwendo, au nafasi, au rangi. Kisha amua urefu kabla ya nota ya kwanza. Kwa kasi ya mapigo 72 kwa dakika, mapigo manne kwa kipimo, dakika tatu ni vipimo 54. Gawa vipimo hivyo kwa njia ya jicho: kama jicho linakaa nusu ya muda kwenye uso mmoja, vipimo 27 viende hapo. Wanaoanza hukwama kwa sababu wanataka kila kitu kilichomo kwenye picha kiwe na sauti yake: ndege analia, maji yanatiririka, ng'ombe analia. Matokeo yake ni orodha ya milio. Ondoa mpaka kibaki kitu kimoja unachoweza kukiimba ukiwa njiani.

Ukumbi, kinanda na umeme

Kinanda cha funguo 61 hakitoshi kwa Mussorgsky, chini panakatika. Tafuta cha 88 chenye funguo nzito na pedali halisi. Kama ni piano ya zamani ya kanisa, ipimeni na tarumbeta siku mbili kabla, kwa sababu piano iliyoshuka huwezi kuipandisha saa ya onyesho, na tarumbeta inaweza kuvuta bomba lake kushuka kidogo tu.

Projekta isianze kabla ya saa moja usiku. Madirisha ya kumbi zetu yanaingiza mwanga mwingi, na michoro ya Rothko au Böcklin inageuka doa la kijivu. Picha moja kwa kipande kimoja, na ibadilishwe wakati wa Promenade, kamwe isibadilishwe katikati ya kipande. Projekta na kompyuta zikae kwenye UPS. Umeme ukikatika wakati wa piano ya kawaida, mpigaji aendelee gizani, na mtu mmoja awe na nakala kubwa ya picha iliyochapwa, tayari kuibeba mbele kwa tochi.

Mwisho ni ruhusa. Mussorgsky na Liszt wako huru, na nota zao za zamani zinapatikana bure mtandaoni. Feldman alifariki 1987 na Dutilleux 2013, kwa hiyo kwa kazi zao andikieni wachapishaji mapema. Kwa rekodi zinazochezwa mbele ya watu waliolipa kiingilio, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuchapa tiketi. Na mchoraji wa hapa aliye hai, hata kama turubai mmeinunua, haki ya kuinakili bado ni yake: pateni ruhusa yake kwa maandishi kabla hamjaipiga picha kwa ajili ya skrini au tangazo, jina lake liandikwe kwenye programu sambamba na la mtunzi, kwa herufi za ukubwa uleule.